Kabla ya Kulifunga Tela Kwenda Pwani



Kila mwaka mvua za vuli zinapokaribia kwisha, tunaulizwa maswali na wenzetu wa mitaa mingine ya kanisa. Wamesikia kwamba huwa tunawachukua watoto wetu kwenda kulala pwani siku tatu, mahali pasipo na bomba, umeme, choo wala duka, nao wanataka kujua tunabeba nini na tunawezaje. Kwa kawaida tunawajibu kwa ufupi pale mlangoni baada ya ibada, kisha tukifika nyumbani tunajuta kwamba hatukusema yote. Safari hii tumeona tuandike.

Sisi ni akina mama saba wa kikundi kimoja cha kanisa, hapa Muheza. Mmoja wetu ni muuguzi mwenye diploma, naye ndiye aliyekabidhiwa kalamu. Lakini kwa kuwa tulikosea pamoja na tukajifunza pamoja, tumekubaliana kuandika kwa jina la wote. Kosa moja kubwa lilikuwa la muuguzi mwenyewe, na hilo hatutalificha.

Muheza si mbali na bahari. Kutoka kwetu hadi mji wa Pangani ni kama kilomita 45. Hata hivyo wengi wa watoto wetu, wanaokua katikati ya michungwa na mkonge, walikuwa hawajapata kulala hata usiku mmoja wakisikia mawimbi. Nyumba za wageni za ufukweni si za mfuko wetu. Ndipo mume wa mmoja wetu alipoazimwa tela na shamba moja la mkonge, tela la magurudumu mawili la kuvutwa na pikapu, tukaona njia imefunguka. Tungebeba nyumba mgongoni kama kobe.

Tulichagua mahali kusini ya mto Pangani, ukishapita Ushongo kuelekea Kipumbwi. Mwaka ule mto ulivukwa kwa kivuko hadi Bweni. Ni ufukwe mrefu wa mchanga, una minazi nyuma yake, na kijiji cha karibu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Gari likitoka kijijini hupita kwenye njia ya mchanga, na hatua za mwisho hupita juu ya ufukwe wenyewe. Jambo hilo la mwisho mlikumbuke, maana sisi hatukulitilia maanani.

Tuliondoka Jumamosi tarehe 30 Desemba 2017, watu 19: akina mama saba, waume wawili na watoto kumi. Waume wengine walibaki, wengine kwa sababu ya kazi, wengine kwa kutoamini kwamba tutafika. Tulipanga kurudi Jumanne, tarehe 2 Januari.

Maji yalikuwa zamu ya muuguzi wetu. Alisema mtu katika joto la kaskazi ahesabiwe kunywa lita tatu kwa siku. Watu 19 kwa siku nne ni lita 228. Tukabeba madumu 12 ya lita 20, yaani lita 240, tukajiona tuna ziada. Kuzidisha kwake kulikuwa sahihi, lakini alihesabia koo peke yake. Ndani yake hamkuwa na ugali wala wali, hamkuwa na maharage ambayo hunywa maji kuliko ng'ombe, hamkuwa na masufuria, nepi wala mikono.

Na hata hizo lita 240 hazikutimia. Tulipofungua dumu la tatu jioni ile ile, harufu ya mafuta ya taa ilitupiga puani. Kila mmoja alileta madumu ya nyumbani kwake, na hakuna aliyeuliza lipi lilibeba nini zamani. Lita 20 zikaenda kuoshea vyombo, na chai iliyonyweka kwenye vyombo hivyo ilikuwa na ladha ya kibatari.

Jumapili tulifanya ibada chini ya minazi, watoto wakaogelea, tukacheka sana. Jioni tulipohesabu, madumu manne tu yalikuwa yamebaki. Tukaanza kubana.

Hapa ndipo tunapotaka msome polepole. Maji yanapopungua, hakuna mama anayemnyima mtoto kikombe cha kunywa. Kinachonyimwa kwanza ni mikono. Tangu Jumamosi tulikuwa tumeweka beseni moja la kunawia, na kila mtu akachovya humo kabla ya kula. Jumapili maji ya beseni lile hayakubadilishwa mpaka jioni. Jumatatu hatuna hakika kama yalibadilishwa kabisa. Choo nacho kilikuwa shimo fupi tulilochimba karibu mno na mahema, kwa kuwa watoto waliogopa giza. Mchanga ulibomoka, shimo likawa dimbwi, nzi wakaja. Muuguzi wetu amefundisha unawaji wa mikono kliniki kwa miaka mingi. Beseni lile alilitazama kwa macho yake mawili akanyamaza, kwa sababu hakutaka kuwatia wenzake hofu.

Jumatatu jioni, siku ya mwaka mpya, binti mmoja wa miaka mitatu akaanza kuharisha na kutapika. Hadi saa nne usiku alikuwa ameharisha mara sita.

Jambo la pili lilikuwa linatujia bila sisi kujua. Siku tulipofika, mzee mmoja mvuvi alipita akitoka kutazama mtego wake. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba wanangu," akasimama akayatazama mahema yetu. Akasema, "Wanangu, hapo si pa kulala mwezi ukikaribia kupevuka. Bamvua linakuja." Tukamwonyesha mstari wa mwani mkavu uliokuwa chini yetu, kwamba maji hufika pale tu. Akasema, "Huo ni wa jana." Tukamshukuru, tukaambiana kwamba tutahama kesho. Nani anayehamisha mahema sita akishayafunga?

Kwa wasiozaliwa pwani, kama sisi, jambo lenyewe ni hili. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, lakini haijai sawasawa siku zote. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, na hilo ndilo bamvua. Katika pwani yetu tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku hizo huweza kukaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na bahari husogea kidogo tu. Katikati ya hizo mbili, kila siku maji hupanda juu zaidi ya jana yake, au hupungua. Mstari wa mwani tulioutegemea uliwekwa na bahari siku tatu kabla ya bamvua. Na usiku wa kuamkia tarehe 2 Januari 2018 haukuwa wa mwezi mpevu wa kawaida, bali mwezi ulikuwa karibu na dunia kuliko desturi, na bamvua lake lilikuwa kubwa.

Saa nane usiku mtoto alikuwa amelegea. Macho yalikuwa yameingia ndani, mdomo umekauka, alilia bila machozi, na ngozi ya tumbo ikifinywa ilirudi polepole. Hakuwa amekojoa tangu jioni. Katika mfuko wa dawa tulikuwa na pakiti tatu za ORS, kila moja ya kuchanganywa na lita moja ya maji safi. Maji yaliyobaki yote kambini yalikuwa madumu mawili, na moja lilikuwa limeshafunguliwa. Tuliweka ulinzi juu ya lile zima kama watu wanavyolinda sanduku la sadaka.

Kwa mtoto aliyefikia hali ile, kipimo tulichofundishwa ni mililita 75 kwa kila kilo ya uzito, ndani ya saa nne. Binti alikuwa na kilo 14, basi ni kama lita moja. Mama yake alimpakata, na muuguzi akamnywesha kwa kijiko, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika tunangoja dakika kumi, kisha tunaanza tena polepole zaidi. Sisi wengine tuliomba kwa sauti ya chini.

Tukiwa katika hali hiyo, yapata saa kumi alfajiri, mmoja wetu alihisi godoro lake limelowa. Bahari ilikuwa imeingia katika mahema mawili ya mbele. Watu wa pwani wanajua kwamba huku kwetu, siku za bamvua, maji hujaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Tulikimbiza watoto hadi kwenye minazi, tukavuta magodoro, na mwezi ulikuwa mweupe kama mchana. Magurudumu ya tela yalikuwa ndani ya maji. Tulipotaka kumpakia mtoto katika pikapu tumpeleke hospitali, ndipo tulipoikumbuka ile njia. Ilikuwa chini ya bahari.

Tuliketi pale tukamnywesha kijiko baada ya kijiko mpaka maji yalipoanza kushuka. Kulipokucha, kijana mmoja wa wavuvi alikuwa ameona taa zetu zikikimbia usiku, akaja na wenzake. Pamoja nao alikuja mama mmoja wa kijijini na ndoo mbili za maji ya kisima kichwani na mkononi, na madafu katika kikapu. Alisema tu, "Hodi wenyewe. Nimesikia mna mgonjwa." Hatukuwa tumepeleka habari kwake wala hatukumjua. Tela lilikuwa limezama mpaka kwenye ekseli. Vijana walilifungua kutoka kwenye gari, wakatanguliza pikapu peke yake, wakaweka makuti chini ya matairi, wakasukuma. Saa moja na nusu pikapu ilipita juu ya mchanga uliolowa, ambao kwa wakati huo ni mgumu na unabeba gari vizuri. Tela lilibaki na waume wawili na kazi ya nusu siku.

Kwenye kivuko, binti alikojoa mapajani mwa mama yake. Hatujawahi kufurahia nguo iliyolowa kama ile. Hospitali walimpima wakasema haitaji dripu, waendelee na ORS na vidonge vya zinki. Kwa hesabu yetu, tangu jioni alikuwa amekunywa lita mbili na zaidi kidogo. Katika dumu lililofunguliwa tulikuta zimebaki kama lita tatu.

Tulirudi nyumbani tukiwa na aibu, na wale waliokuwa hawakuamini wakapata la kusema. Miezi kadhaa hatukutaja neno pwani. Watoto ndio waliotulazimisha, yule binti akiwa wa kwanza. Safari ya pili tulikwenda tarehe 28 hadi 31 Desemba 2018, na haya yafuatayo ndiyo tuliyofanya tofauti. Tumekuwa tukiyafanya hivyo mpaka leo.

Kwanza tulitazama mwezi ndipo tukachagua tarehe. Siku hizo mwezi ulikuwa nusu, na maji yalikuwa mafu. Bandari huwa na majedwali ya maji kujaa na kupwa, lakini mzee yeyote mvuvi atakwambia vilevile ukimwambia tarehe ya mwezi mwandamo. Pia tunasikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku tatu kabla, na wakisema upepo mkali tunaahirisha hata kama mchele umeshanunuliwa. Tukifika tunafunga mahema nyuma ya tuta la mchanga, pale majani na miti midogo ilipoota, wala si kwenye mchanga mtupu. Nazi zikianguka huua, kwa hiyo chini ya mnazi tunakaa mchana tukitazama juu, ila hatulali.

Kabla ya hayo yote, wawili wetu huenda kijijini wiki mbili mapema kumwona mwenyekiti na kuomba ruhusa. Tunaeleza sisi ni nani, tuko wangapi, tutalala wapi. Si kwa ajili ya sheria peke yake. Mtu anayejua kwamba uko pale ndiye atakayeona taa zako zikikimbia usiku.

Sasa maji. Tulipunguza watu hadi 12, na tukahesabu lita kumi kwa kila mtu kwa siku: nne za kunywa, tatu za kupikia, mbili za mikono, na moja ya kusuuza vyombo na uso. Kwa siku nne ni lita 480, yaani madumu 24. Juu yake tukaongeza akiba ya siku moja nzima, madumu sita, yaliyofungwa kwa utambi mwekundu. Hayo hayafunguliwi ila kwa ugonjwa au gari kukwama. Jumla madumu 30. Vyombo vinaoshwa kwanza kwa mchanga na maji ya bahari, kisha vinasuuzwa kwa maji baridi. Kuoga ni baharini, halafu kikombe kimoja cha kuondoa chumvi kwa mtoto mwenye ngozi ya vipele.

Madumu yenyewe ni yale yaliyobeba mafuta ya kula tu, yaliyooshwa kwa sabuni na maji ya moto na kuanikwa yakiwa wazi. Kila moja linanuswa na watu wawili. Maji yakishajazwa tunatia kidonge cha klorini kama kile cha WaterGuard, kimoja kwa lita 20, tunangoja nusu saa. Madumu yanawekwa kivulini na kufunikwa kwa turubai.

Na yale maji ya mikono yana mlinzi wake. Tunafunga vibuyu chirizi viwili, kimoja mlango wa choo, kingine jikoni: kidumu cha lita tano kinachoning'inia kwenye mti, chenye tundu dogo, kamba na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Sabuni inatobolewa na kufungwa kwa uzi kando yake. Maji yanadondoka kidogo na hayarudi tena kwenye mkono wa mwingine. Kidumu kimoja kinawanawisha wote asubuhi nzima na zaidi. Beseni tumelipiga marufuku. Yule binti, ambaye sasa ni mkubwa, ndiye mwenye zamu ya kuvijaza, na ni mkali.

Madumu 30 ni kilo 600, na hapa akina mama msiwaachie madereva peke yao hesabu. Magari mengi ya namna ya pikapu yetu yana kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake, pamoja na uzito wa tela lenyewe. La kwetu peke yake ni kama kilo 350. Kwa hiyo tunaweka madumu 18 katika tela na 12 katika pikapu, na watu wanakuja kwa Hiace hadi kijijini, kisha wanatembea. Madumu ya tela yanakaa chini kabisa, mengi kidogo mbele ya ekseli kuliko nyuma, ili mkono wa tela ulalie gari. Mzigo ukizidi nyuma, tela huanza kuyumba barabarani kama mlevi. Tukianza kutumia maji, tunatoa ya nyuma kwanza.

Siku moja kabla ya safari fundi hutia grisi kwenye beringi za magurudumu, hutazama taa za nyuma, mnyororo wa akiba, na tairi la ziada la tela. Tairi la gari halitaingia kwenye tela, jambo ambalo mume mmoja hakulikubali mpaka alipojaribu. Beba jeki na ubao imara wa kuiwekea chini, kwani jeki pekee mchanga unaimeza. Beba pia koleo mbili, kamba ya kuvutia, pampu na geji ya upepo. Tukifika mwanzo wa mchanga, tunashusha upepo wa matairi yote, ya gari na ya tela, kutoka kama 36 hadi 18 hivi, ili tairi litandae. Tunakwenda polepole bila kukata kona kali, na tunapita ufukweni maji yakiwa yamekupwa tu. Ukirudi kwenye barabara ngumu, jaza upepo kabla ya kuongeza mwendo, la sivyo matairi yatapata moto na kupasuka. Tela tunaligeuza siku ile ile ya kufika, likitazama njia ya kutokea.

Choo kinachimbwa kabla ya hema la kwanza kufungwa. Kinakaa upande upepo unakoelekea, hatua hamsini kutoka mahema na mbali na kisima chochote. Kwa kuwa mchanga hubomoka, tunashusha pipa lililokatwa pande zote mbili liwe ukuta wa shimo, na tunazungushia khanga kuukuu. Kando pana kopo la majivu, na kila mtu hutupia majivu akimaliza. Kwa hofu ya giza, watoto wana ndoo ya usiku yenye mfuniko. Siku ya kuondoka shimo linafukiwa, na takataka zote zinarudi na tela, nepi zikiwa za kwanza.

Juu ya jiko hatuna mengi, kwa kuwa kila mama ana lake. Mkaa wa gunia moja, majiko mawili, dagaa, mayai, viazi, matunda. Maharage siku hizi tunayachemsha nyumbani siku ya safari na kuyala usiku wa kwanza, basi. Jenereta waume walileta mara moja, ikatunyima usingizi na kuwafukuza hata popo. Sasa ni taa ndogo za sola, tena chache, kwa sababu kasa hutaga katika fukwe zile na mwanga huwapotezea njia watoto wao. Vyandarua ni lazima.

Sanduku la dawa ndilo lililobadilika kuliko vyote. ORS pakiti 12, vidonge vya zinki, kijiko na chupa yenye alama ya lita moja. Pakiti zikiisha, mchanganyiko wa nyumbani ni lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo sita vya kusawazishwa na chumvi nusu kijiko kidogo. Chumvi isizidi, maana iliyozidi inadhuru. Madafu ni mazuri na mama yule alituletea kwa upendo, ila yana chumvi kidogo mno kwa mtoto anayeharisha, hivyo yasichukue nafasi ya ORS. Tunabeba kipimajoto, paracetamol, bandeji, dawa ya vidonda, na vipimo vya haraka vya malaria kwa kuwa muuguzi yupo. Aliyechomwa na taa au samaki mwingine mwenye mwiba, mguu wake utiwe ndani ya maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, dakika 30 hadi 90, kisha apelekwe hospitali. Birika linakaa jikoni muda wote kwa ajili hiyo. Na baharini, watoto wakiwa majini, mtu mzima mmoja anasimama kwa zamu ya nusu saa akiwahesabu, bila kupika, bila kusuka nywele, bila simu.

Tunaandika pia namba za mwenyekiti, za dereva wa bodaboda mmoja wa kijijini, na saa maji yatakayokupwa kila siku, kwenye kadibodi iliyotundikwa penye mwanga. Kila usiku tunajua njia itafunguka saa ngapi.

Gharama hatuziandiki, kwa kuwa bei hubadilika. Kubwa ni dizeli na Hiace, na tunaanza kuchanga mwezi wa sita.

Mwaka ule wa 2018 tulimaliza siku nne bila mgonjwa, na madumu sita ya utambi mwekundu yalikuwa hayajaguswa. Tulipopita kijijini tulisimama kwa yule mama wa ndoo mbili, tukamshushia manne. Akacheka sana, akauliza kama Muheza tuna mto wa kutupa. Kisha akatutafutia kikapu cha ngisi.

Jioni ile ile, kabla ya mtu yeyote kwenda kulala, tuliliosha tela kwa maji baridi, chini na juu, hasa kwenye beringi na springi, kwani chumvi ya bahari huanza kula chuma usiku wa kwanza. Msimamizi wa shamba alilizunguka mara mbili, akainama, akapitisha kidole ndani ya gurudumu, akakilamba. Akasema hakuna chumvi, tuliweke pale kivulini.